Stempu ya Bei ya Nyumba

SEHEMU YA TISA

Mkono uliteremka.

Nalisema hilo mapema ili wale walionisimamisha njiani wiki nzima na kuniuliza "ameipiga au hajaipiga?" wapate usingizi. Ameipiga. Bi Muhuri, karani wa posta mstaafu, mjane wa miaka sitini na saba, aliuteremsha muhuri wa tarehe juu ya ile stempu, ta! Kisha akauinua taratibu, kama alivyouinua kwenye kaunta kwa miaka thelathini na moja.

"Mama!" mkwe wake alipiga ukelele.

Alikuwa amechelewa kwa hatua mbili na kiti kimoja. Alijikwaa kwenye kile kiti, akaiangukia meza kwa kifua, pua yake ikasimama nusu shubiri kutoka kwenye bahasha. Wino ulikuwa bado unang'aa. Duara lilikuwa kamili, jina la ofisi juu, tarehe katikati, na hakuna herufi iliyokosekana.

"Unajua ulichokifanya, Mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimefanya kazi yangu."

"Umeua milioni arobaini na mbili!"

"Poleni wafiwa," akasema Bi Muhuri, akakifunika kidau cha wino.

Kwa anayeingia leo, habari yenyewe ni fupi. Miaka kumi na tisa iliyopita mume wa Bi Muhuri, fundi wa mizani, alianguka kazini na hakuinuka tena. Kwenye koti lake ilikutwa bahasha iliyofungwa kwa gundi, imebandikwa stempu, na kuandikwa jina la mkewe pamoja na anwani ya nyumba hii hii. Hakuwahi kuitia posta. Mwingine angeichana hapo hapo msibani. Bi Muhuri aliiweka kwenye droo ya meza ya kulia, chini ya vitambaa, akasema kwamba barua ambayo haijapita posta haijafika, na barua ambayo haijafika huna ruhusa ya kuifungua. Ndugu walidhani ni uchungu unaosema. Miaka ilipopita wakaona kumbe ni kazi ndiyo imemwingia kichwani, wakamwachia.

Baadaye binti yake wa pekee akaolewa na kijana mwenye kibanda cha simu na ndoto kubwa kuliko kibanda. Mwezi uliopita kijana huyo alifungua droo akitafuta kijiko, akakutana na bahasha. Akaingia mtandaoni, kwenye mnada wa vitu adimu, kutazama stempu kama ile inauzwaje. Mmoja alikuwa ameitangaza kwa milioni thelathini na nane. Mwingine arobaini. Mkwe hakujiuliza kama yupo binadamu yeyote aliyewahi kuzilipa fedha hizo. Kuomba ni bure, na kwenye minada ile watu huomba bila hata kupepesa jicho.

Basi akaipiga picha, akairudisha chini ya vitambaa, akaandika tangazo: "ADIMU SANA. Stempu safi, haijapigwa muhuri. Bahasha haijafunguliwa. Imehifadhiwa mahali salama. Sababu ya kuuza: nafasi ndogo."

Dau lilianza na fedha ya kununulia soda. Wakajitokeza wawili, mmoja akijiita Kifaru na mwingine Sisimizi, wakakabana koo kwa wiki tatu hadi dau likafika milioni arobaini na mbili. Watu wakaanza kuandika chini ya tangazo kwamba hapa pana jambo. Mnada unafungwa leo saa sita mchana, na Bi Muhuri aliyajua yote leo asubuhi, mkwe alipoingia kuichukua bahasha akidhani mama mkwe yuko bafuni. Hakuwa bafuni. Tuendelee.

"Si wewe uliyeniambia thamani yake ni kutopigwa muhuri?" akauliza Bi Muhuri.

"Ndiyo, Mama!"

"Basi sasa imepigwa. Haiuziki tena. Tumemalizana, nenda kibandani kwako."

Mlango ukagongwa.

Mkwe aliruka kama aliyekalia msumari. "Ni mkusanyaji," akanong'ona. "Mkusanya stempu. Nilimkaribisha aje kuiangalia saa nne." Akaiinamia bahasha, akaanza kuupuliza wino kwa nguvu zake zote.

"Ukipuliza utakauka haraka zaidi," Bi Muhuri akamwambia. "Nilidhani unataka utoke."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mkoba wa ngozi na miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Mkwe alimbatiza papo hapo, kimoyomoyo, Miwani Miwili, na kwa kweli hakuna jina lililomfaa kuliko hilo.

"Hodi humu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu kiti. Meza usiiguse, kuna wino."

"Bwana mkubwa," mkwe akadakia, akisimama mbele ya meza kwa mikono iliyotanuka, "kabla hujaangalia, kumetokea hitilafu ndogo. Ndogo sana. Haionekani ukisimama mlangoni."

Miwani Miwili alimsogeza kando kwa kidole. Akatoa kibano, akatoa kioo cha kukuzia, akainama. Akabadilisha miwani, wa puani ukapanda, wa paji ukashuka. Mkwe alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika ishirini na tatu.

"Nani amepiga muhuri huu?"

"Mimi," alisema Bi Muhuri.

"Lini?"

"Kabla hujabisha hodi."

"Lakini ofisi hii ilifungwa."

"Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Taa niliizima mimi mwenyewe."

"Na muhuri je?"

"Niliandika barua waje wauchukue. Niliandika tatu. Hawajaja, basi nautunza. Ni mali ya umma."

"Na tarehe hii ni ya leo," alisema Miwani Miwili.

"Ulitaka niweke ya lini? Kurudisha tarehe nyuma ni kosa la kufukuzwa kazi."

"Umeshastaafu, Mama," mkwe akanong'ona.

"Kosa ni kosa."

Miwani Miwili alikaa bila kutazama kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Kijana," akasema, "nikuambie ukweli. Stempu yako haikuwa na thamani ya kiberiti. Zilichapishwa kwa malaki. Mimi ninazo kopo zima nyumbani."

"Lakini milioni arobaini na mbili..."

"Ndizo zilizonileta. Nilitaka kumwona kwa macho yangu mtu mwenye ujasiri huo."

Mkwe alinywea. Miwani Miwili akamgeukia Bi Muhuri, akaongea taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Ila hiki kilichopo mezani sasa ni kitu kingine, Mama. Muhuri wa ofisi iliyokufa, kwa tarehe ya leo, kwa mkono wa karani wake wa mwisho. Duniani kipo kimoja. Natoa milioni thelathini, taslimu, leo hii."

Mkwe alikufa na kufufuka kwa pumzi moja. Bi Muhuri yeye aliutazama muhuri wake kwa hasira. Alikuwa ameuinua ili aiharibu biashara, na ndio kwanza ameifungulia duka.

Mtu mwenye akili angesema asante. Mkwe alisafisha koo.

"Thelathini ni ndogo, bwana mkubwa. Mtandaoni tuko arobaini na mbili. Kuna Kifaru na Sisimizi."

"Kifaru ni wewe."

"Mimi?"

"Akaunti yake ilifunguliwa siku moja na tangazo lako, na hajawahi kununua hata pini. Kila mtu kwenye mnada ule anajua, isipokuwa Sisimizi."

Bi Muhuri alimtazama mkwe wake. Mkwe akatazama dari, na dari haikumsaidia.

"Ni mbinu ya kibiashara tu, Mama," akasema. "Kifaru kazi yake ni kumsukuma mteja. Sisimizi ndiye mteja mwenyewe, mtu wa kweli, mwenye hela zake na uchungu wa kitu. Ngoja muone." Akatoa simu, akaandika milioni arobaini na tatu kwa jina la Kifaru, akabonyeza.

Simu ikalia mlangoni.

Binti wa Bi Muhuri alikuwa amesimama hapo na sare yake ya dereva wa gari la mikate, ufunguo wa gari mdomoni, simu mkononi. Gari lenyewe lilikuwa barabarani, mlango wazi; alikuwa amepitia kumwachia mama yake mkate. Hakusalimu mtu. Alisoma simu yake, akakunja uso.

"Mke wangu!" mkwe akashtuka. "Wewe si uko kazini?"

"Ngoja kwanza," akasema kwa meno yaliyobana ufunguo. "Nina shughuli na mshenzi mmoja hapa." Akabonyeza kwa kidole gumba.

Simu ya mkwe ikatetemeka. Akaisoma: Sisimizi, milioni arobaini na nne. Akakitazama kidole gumba cha mkewe, akaitazama tena simu.

"Wewe ndiye Sisimizi?"

Ufunguo ulidondoka sakafuni.

"Wewe ndiye Kifaru?"

Msomaji, fikiria mwenyewe. Wiki tatu mke na mume hawa wamelala wamepeana migongo, kila mmoja na simu yake chini ya shuka, kila mmoja akimtukana kimoyomoyo mpumbavu asiyemjua. Na asubuhi wanaulizana kama wamelala salama.

"Ungelipa kwa fedha gani?" mkwe aliuliza, sauti inapanda.

"Kwa kiwanja."

"Kiwanja chetu?"

"Ulikuwa unauza barua ya baba yangu! Niliuona mwandiko wake kwenye picha nikiwa kwenye foleni ya mafuta, nikalia mbele ya watu. Nikasema hata tukilala nje, irudi nyumbani."

"Irudi kutoka wapi? Haijatoka! Iko kwenye droo!"

"Uliandika mahali salama, nikajua umeshaitorosha!"

"Si ungefungua droo ukaangalia?"

"Droo ya Mama?" binti akasema. "Nani anafungua droo ya Mama?"

Wote watatu wakamgeukia mkwe.

Bi Muhuri alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na binti yake, ambaye alikuwa tayari kugombana hadi jioni, akasahau alipofikia. Lakini Miwani Miwili hakuwa mtu wa kupotezewa muda. Aliweka mkoba mezani, mbali na wino, akaufungua. Mafungu ya noti yalikuwa yamepangwa vizuri.

"Kifaru na Sisimizi wameshaondoka mnadani," akasema. "Nimebaki mimi. Sharti langu ni moja tu. Bahasha isifunguliwe. Ikichanwa, ni karatasi. Ikibaki ilivyo, ni milioni thelathini."

Mkwe aliyahesabu mafungu yale kwa macho.

"Mama," mkwe akasema, na safari hii hakuwa na maneno ya kibiashara. "Nimekukosea, najua. Lakini vile vyumba viwili tunavyoishi vinavuja, na mjukuu wako anaumwa kifua kila mvua ikinyesha. Kiwanja tunacho, tofali hatuna. Sikufanya kwa ubaya."

Bi Muhuri alijua ni kweli. Kijana huyu alikuwa na akili ya panzi lakini hakuwa na roho mbaya, na mjukuu anaumwa kweli. Fedha zile zingeezeka paa na chenji ikabaki.

"Ni yako, Mama," binti akasema. "Ukiuza sitakulaumu. Nina swali moja tu. Siku ile baba alipokufa, muhuri ulikuwa mkononi mwako na kaunta ilikuwa yako. Kwa nini hukuipiga muhuri siku ile ile ukaisoma?"

Miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Ndugu, majirani, hata shehe na padri waliokuja kumfariji kwa zamu, wote waliuheshimu utaratibu wa posta. Bi Muhuri alitafuta jibu la utaratibu, akalikosa.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Baba yako kwa miezi alikuwa anapotea kila Jumamosi. Nikimwuliza, ananyamaza. Asubuhi ile nikamwambia, kama una kwingine, nenda. Akachukua koti, akaenda. Saa tisa wakaja kuniita. Ile barua nilijua inasema nini, mwanangu. Inasema nimekwenda."

Binti alimshika mkono. Bi Muhuri aliuacha ushikwe, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkoba. Ndiyo kwanza alikuwa ameielewa bei ya kitu hiki. Huyu bwana alikuwa tayari kumlipa milioni thelathini ili asijue kamwe. Angelala vizuri chini ya paa jipya la mjukuu, na woga wake ungekuwa kwenye kabati la mtu mwingine, ndani ya kioo. Alitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Bwana," akasema badala yake, "imeshapigwa muhuri. Kinachofuata ni kumkabidhi mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Soma anwani."

Akavuta kisu kidogo cha kufungulia barua. Miwani Miwili akasimama nusu, mkono mbele. Mkwe akafumba macho. Kisu kikapita ukingo wa juu, kimya, kwa mstari ulionyooka, na milioni thelathini zikawa karatasi.

Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja na bahasha ya pili. Bi Muhuri alivaa miwani yake, akasoma kwa macho tu, hakumsomea mtu.

"Mke wangu, siondoki. Leo jioni nitarudi kama kawaida na utaendelea kuninunia. Nimeshindwa kukwambia usoni, ndiyo maana natumia posta, maana itapitia kwenye kaunta yako, na mbele za watu huwezi kunipigia kelele. Kabla sijakujua nilipata mtoto wa kiume. Mama yake amefariki mwezi wa pili mwaka huu. Jumamosi zote nilikuwa kwake huyo kijana. Ana miaka kumi na minane, na anadhani mimi ni rafiki tu wa mama yake. Hana mtu. Nataka aje kukaa nasi, lakini nyumba ni yako na wewe ndiye mwenye kusema. Ukikubali, mpelekee hii ya ndani, nimemweleza kila kitu. Ukikataa, ichome, na mimi sitakuuliza."

Aliisoma mara mbili. Hakuwa ameachwa. Miaka kumi na tisa ameombolezea ndoa iliyokuwa nzima, na mtu wake alikuwa amepanga kurudi nyumbani jioni ile ile na kununiwa. Machozi yalimtoka kwa wingi, hakuyafuta. Alisikia furaha na aibu pamoja, na hakujua aanze na ipi.

Kisha akaitazama bahasha ya pili.

Ilikuwa nene. Imefungwa kwa gundi, imebandikwa stempu, imeandikwa kwa mwandiko ule ule mtaa na namba ya nyumba upande wa pili wa mji, na juu yake maneno mawili: Kwa mwanangu.

"Na hii haijafunguliwa," Miwani Miwili alinong'ona, miwani yote miwili imeshuka puani. Mkono wa mkwe ulianza kutembea wenyewe kuelekea kwenye simu. Binti akaupiga kofi.

Bi Muhuri hakuwasikia. Kwenye kaunta alikuwa akiwafokea matarishi kwa barua iliyochelewa siku moja. Aliwahi kumshtaki mmoja kwa barua ya siku nne, na yule kijana alikatwa mshahara. Na kumbe mwenyewe, chini ya vitambaa, mezani anapolia chakula kila siku, alikuwa amekalia barua ya yatima. Hii haikuwa yake hata siku moja. Kijana wa miaka kumi na minane alikuwa amefiwa na mama, kisha yule rafiki wa Jumamosi akaacha kuja, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwa nini. Sasa ni mtu mzima wa miaka thelathini na saba, kama yu hai.

"Milioni arobaini, Mama," alisema Miwani Miwili. "Nasema kwa hii ya pili. Ukiipiga ule muhuri, hamsini."

Bi Muhuri alisimama. Alivaa viatu vya kutokea, akafunga kitambaa kichwani, akaitia bahasha kifuani.

"Gari lina mafuta?"

"Lina mikate, Mama," binti akajibu. "Nina maduka sita yananisubiri."

"Sikuuliza mikate. Washa gari."

"Twende wapi? Tunampelekea nani hiyo?"

Bi Muhuri alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kaka yako," akasema.